Pamba, Kodi na Kiboko: Malalamiko ya Kiuchumi na Kijamii Nyuma ya Vita vya Maji Maji (1905–1907)

Utangulizi

Mwanafunzi anayeisoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), kwa mara ya kwanza aghalabu hubakia na neno moja akilini, nalo ni maji. Akiulizwa chanzo cha vita vinavyosawiriwa humo, hujibu upesi kwamba watu wa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania Bara waliamini kuwa dawa ya mganga ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, na kwa hivyo wakaingia vitani. Jibu hili husikika darasani mwaka baada ya mwaka, na halikosi chembe ya ukweli. Hata hivyo, lina kasoro kubwa: linaichukua nyenzo na kuiita sababu. Fauka ya hayo, linarudia pasipo kujua maelezo yaliyopendwa na watawala wa kikoloni wenyewe, akiwemo Gavana von Götzen, ambao waliona ni heri kuamini kwamba raia walichochewa na waganga kuliko kukiri kwamba walichoshwa na yale waliyotendewa.

Makala haya yananuia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, yanaeleza malalamiko ya kiuchumi na kijamii yaliyokuwapo kabla ya maji kupatikana. Pili, yanafafanua kwamba malalamiko hayo hayakuwa sawa kwa jamii zote, na kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoipa imani ya maji nafasi yake halisi. Tatu, yanarejelea tamthilia ya Kinjeketile na nafasi ya lugha ya Kiswahili katika vita hivyo, kwa kuwa msomaji wa fasihi asiyejua njaa iliyotangulia maji hawezi kuifasiri tamthilia hiyo ipasavyo.

Usuli wa Utawala wa Kijerumani

Ni muhimu kukumbuka kwamba Maji Maji haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa eneo hilo kupambana na Wajerumani. Mnamo mwaka wa 1888 watu wa Mrima, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na wenzake, waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kutwaa forodha na bandari za pwani. Vita hivyo vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Serikali ya Ujerumani ilichukua utawala kutoka kwa kampuni mwaka wa 1891. Mwaka huohuo Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, na vita baina yao vikaendelea hadi Mkwawa alipojiua mwaka wa 1898. Huko Kilwa, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa mwaka wa 1895.

Mapambano hayo yote yalikuwa na sura moja: kiongozi mwenye jeshi au mwenye biashara alilinda himaya yake isitwaliwe. Kufikia mwaka wa 1900 sehemu kubwa ya viongozi wa aina hiyo walikuwa wameuawa, wamekimbia au wamesalimu amri. Kilichofuata kilikuwa utawala wa kila siku: boma, daftari la kodi, shamba la pamba na kiboko. Kwa hivyo, vita vya mwaka wa 1905 havikuwa vita vya kumzuia mgeni asiingie. Vilikuwa vita vya watu waliokwisha kutawaliwa, waliouonja utawala huo kwa miaka kadhaa na kuuona mchungu. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa mjadala mzima.

Kodi

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka wa 1898. Kiwango cha nyumba ya kawaida ya shambani kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni iliwezekana kulipa kwa mazao, lakini kadiri miaka ilivyosonga serikali ilizidi kudai sarafu. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mkulima wa Umatumbi au wa Ungindo alikuwa na mtama, mpunga, kuku na mbuzi. Rupia hakuwa nayo. Ili aipate, ilimbidi auze mazao yake kwa mwenye duka, achume mpira wa mwituni na nta, au aende kufanya kazi katika shamba la mlowezi. Kodi haikuwa njia ya kujaza hazina ya serikali pekee. Ilikuwa pia fimbo ya kumsukuma mtu kutoka shambani kwake hadi katika shamba la mwingine.

Mwaka wa 1905, miezi michache kabla ya vita, utaratibu ulibadilishwa. Kodi ikaelekezwa kwa kila mwanamume mzima badala ya nyumba, na yule asiyekuwa na fedha akatakiwa kuilipa kwa jasho lake katika kazi za serikali. Kwa mtazamo wa afisa aliyeketi bomani, badiliko hili lilikuwa la kiutawala tu. Kwa mtazamo wa mwanakijiji, lilikuwa na maana nzito zaidi, kwani ufukara wenyewe uligeuzwa kuwa sababu ya kushurutishwa. Asiye na rupia alikuwa na mwili, na mwili huo serikali ilidai haki ya kuutumia.

Pamba na Kazi ya Shuruti

Miongoni mwa malalamiko yote, pamba ndiyo inayotajwa zaidi, na si bure. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na serikali ilitaka kupata pamba kutoka makoloni yake yenyewe. Chini ya Gavana von Götzen, kuanzia mwaka wa 1902, mpango wa mashamba ya pamba ya vijiji ulianzishwa katika wilaya za pwani na kusini. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba la pamoja ambalo watu wake wangelima. Katika eneo la Dar es Salaam, kila mwanamume alipangiwa kufanya kazi kwa siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: fungu la wakulima, fungu la jumbe na fungu la mamlaka ya wilaya. Wakulima walikuwa wengi na fungu lao lilikuwa moja, kwa hivyo kilichomfikia kila mmoja kilikuwa kidogo mno, hata wengine wakakataa kukipokea.

Msomaji wa leo anaweza kuuliza: je, siku 28 katika mwaka mzima ni nyingi kiasi cha kumwaga damu? Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Siku za mkulima hazilingani thamani. Siku 28 za kiangazi, wakati ghala limejaa, si sawa na siku 28 za msimu wa kupanda na kupalilia. Pamba ilihitaji kupandwa, kupaliliwa na kuvunwa, na kazi hizo zilishindana na mahitaji ya mtama na mpunga. Palizi moja ikipita bila kufanywa, magugu hula chakula cha mwaka mzima. Pamba nayo hailiwi. Kwa hivyo, gharama ya shamba la pamba haikupimwa kwa siku zilizopotea tu, bali pia kwa chakula ambacho hakikuvunwa.

Aidha, mpango huu ulivaa vazi la jambo ambalo wanakijiji walilifahamu vyema. Jamii nyingi za eneo hilo zilikuwa na desturi ya kusaidiana kazi: leo wote hulima kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba huwaandalia wenzake chakula au pombe. Shamba la pamba la kijiji lilichukua umbo la ujima huo na kuutoa roho yake, kwa kuwa hapakuwa na zamu ya kurudishiana. Watu walikusanyika na kuinama pamoja kama kawaida, lakini mavuno yalielekea upande mmoja.

Mbali na pamba ya vijiji, palikuwapo mashamba ya walowezi, kama vile huko Samanga kwenye pwani ya kaskazini ya Kilwa, ambako wanakijiji walipelekwa kufanya kazi chini ya wanyapara. Palikuwapo pia ujenzi wa barabara na upagazi wa kubeba mizigo ya maafisa na askari. Kazi hizi zote ziliangukia mabega yaleyale.

Maakida, Majumbe na Kiboko

Kikulacho ki nguoni mwako. Mjerumani mwenyewe hakuonekana sana vijijini, kwani wilaya zilikuwa kubwa na maafisa wachache. Aliyeonekana ni akida, na chini yake jumbe. Wajerumani waliukuta wadhifa wa akida katika miji ya pwani, wakautwaa na kuusambaza bara katika jamii ambazo hazikuwa na utawala wa aina hiyo. Maakida wengi walikuwa Waarabu au Waswahili wa pwani. Walikusanya kodi, walisimamia pamba, waliamua kesi na walitoa adhabu.

Kwa Wamatumbi, ambao walizoea kuishi kwa koo bila mtawala mmoja wa juu, kuwekewa akida mgeni ilikuwa fedheha juu ya hasara. Akida wa Kibata, Sefu bin Amri, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushambuliwa vita vilipoanza. Jumbe naye alikuwa katika njia panda. Akitimiza amri alichukiwa na watu wake, na asipotimiza aliadhibiwa na boma. Kwa kuwa fungu moja la mapato ya pamba lilikuwa lake, wengi walimwona kuwa mshirika wa dhuluma hata pale ambapo hakuwa na hiari.

Adhabu iliyokumbukwa kuliko zote ni kiboko. Kanuni za kikoloni ziliweka 25 kuwa kikomo cha mapigo kwa mara moja, na kutokana na kikomo hicho likazaliwa jina ambalo wazee wa Tanzania waliendelea kulitaja miaka mingi baadaye: hamsa ishirini. Jambo linapopewa jina lake la pekee katika lugha ya watu, hiyo ni dalili kwamba lilitendeka mara nyingi kiasi cha kuhitaji jina. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, alilazwa chini na kuchapwa mbele ya wanawe. Maumivu ya mwili yalipoa, lakini hadhi iliyovunjwa haikupona upesi.

Misitu, Wanyama na Chakula

Kuna malalamiko mengine ambayo hayatajwi sana madarasani. Serikali ya kikoloni iliweka sheria za kudhibiti uwindaji na matumizi ya misitu. Sheria ya misitu ya mwaka wa 1904 iliiwezesha serikali kutenga misitu na kuwazuia watu kulima au kuishi humo. Mikoko ya delta ya Rufiji ilikuwa imewekwa chini ya usimamizi wa serikali hata kabla ya hapo.

Kwa watu wa kusini, msitu ulikuwa shamba la akiba. Humo ndimo walimochuma mpira na nta za kulipia kodi, na humo ndimo walimopata ardhi mpya ardhi ya zamani ilipochoka. Uwindaji nao haukuwa mchezo. Nguruwe mwitu ni adui mkubwa wa mkulima, na njia ya kumpunguza ilikuwa msako wa pamoja kwa nyavu na mikuki. Sheria za uwindaji zilipoibana desturi hiyo, na wanaume walipokuwa mbali kwenye pamba au barabara, nguruwe waliingia mashambani. Tazama basi jinsi malalamiko haya yanavyoungana kama pete za mnyororo mmoja. Kodi inadai fedha, fedha inatafutwa msituni, msitu unafungwa, mwanamume anapelekwa kwenye kazi ya shuruti, shamba linabaki bila mlinzi, nguruwe wanakula mazao, na mwaka unaofuata kodi inadaiwa tena.

Athari kwa Jamii na Utu

Malalamiko ya kiuchumi hayakukaa peke yake. Nyumba ambayo mume hayupo wakati wa kulima humwachia mke mzigo wote. Wanawake walilima, walilinda mashamba dhidi ya ndege na nguruwe, walilea na walipika. Wakati mwingine waliitwa wao wenyewe kwenye kazi za shamba la jumbe. Mume aliyeshindwa kuilisha nyumba yake na kuilinda alipoteza heshima mbele ya mkewe na mbele ya ukoo. Dhuluma ya askari na wanyapara dhidi ya wanawake iliongeza uchungu huo.

Hali kadhalika, dini na mila ziliguswa. Katika nchi ya Wangoni, wamisionari Wabenediktini walikuwa wamejenga kituo Peramiho, na baadhi yao walipambana waziwazi na ibada za mahoka, yaani mizimu ya wahenga. Si ajabu kwamba misheni zilishambuliwa vita vilipopamba moto. Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa tarehe 14 Agosti 1905 wakiwa safarini katika eneo la Liwale.

Malalamiko Mengi, Vita Vimoja

Ni kosa kudhani kwamba kila jamii ilipigana kwa sababu ileile. Wamatumbi, Wangindo, Wakichi na Wazaramo waliishi karibu na pamba na karibu na maakida. Wangoni wa Songea, kwa upande mwingine, walikuwa mbali na mashamba ya pamba. Watemi na manduna wao waliomboleza ukuu uliopotea. Zamani walikuwa watawala wenye majeshi, nao sasa walitozwa kodi na kuamrishwa kama watu wengine. Wambunga na Wapogoro wa Mahenge walikuwa na mambo yao, vivyo hivyo Wabena na Wapangwa. Baadhi ya jamii hizi zilikuwa na kumbukumbu za kupigana zenyewe kwa zenyewe. Wahehe walibaki nje ya vita, na wengi wao waliwasaidia Wajerumani.

Hapa ndipo linapozuka swali la msingi: watu wenye malalamiko tofauti, lugha tofauti na uhasama wa zamani wataunganishwa na nini? Kila kijiji peke yake kilijua kwamba hakikuwa na uwezo wa kulishinda boma. Kumbukumbu ya Mkwawa na ya Makunganya ilikuwa bado mbichi. Walichokosa hakikuwa sababu ya kupigana, kwa maana sababu zilijaa tele. Walichokosa ni matumaini, na mahali pa kukutania.

Mwaka wa 1904, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alitangaza kwamba amepagawa na pepo Hongo. Watu walimiminika Ngarambe kutoka pande mbalimbali kupokea dawa ya maji iliyochanganywa na mtama na mbarika. Hija hiyo ilitimiza kazi ambayo hakuna mkutano wa siri ungeweza kuitimiza kwa urahisi: iliwakutanisha watu wa koo na makabila mbalimbali chini ya kiapo kimoja. Dawa yenyewe haikuwaambia watu kwamba wanaonewa, kwani hilo walilijua. Iliwaambia kwamba wanaweza kusimama pamoja.

Mwenendo wa kuanza kwa vita unathibitisha hoja hii. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliing'oa miche ya pamba. Tendo hilo lilikuwa tangazo la vita. Ikumbukwe kwamba hawakuanza kwa ibada wala kwa kuvamia kanisa, bali walianza kwa kung'oa pamba. Kisha wakamwendea akida wa Kibata, na baada yake Samanga. Shabaha zao zilifuata orodha ya malalamiko yao, moja baada ya nyingine. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, na bado vita vilienea kwa miezi mingi. Lau yeye na maji yake wangekuwa ndio chanzo pekee, moto huo ungezimika pamoja naye.

Gharama ya Vita

Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Mahenge waliikabili boma iliyolindwa kwa bunduki za rashasha, wakafa kwa mamia. Tangu hapo ilidhihirika kwamba maji hayazuii risasi. Hata hivyo, Wangoni waliingia vitani na wengine waliendelea kwa mbinu za kuvizia. Tarehe 27 Februari 1906, nduna Songea Mbano alinyongwa pamoja na makumi ya viongozi wenzake katika mji ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Wajerumani walivimaliza vita kwa silaha ya njaa. Vijiji vilichomwa, maghala yaliporwa au kuteketezwa, na watu wakazuiwa kulima. Serikali ya kikoloni ilikadiria kuwa Waafrika wapatao 75,000 walikufa. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyefanya utafiti miongoni mwa wazee wa eneo hilo katika miaka ya 1960, alikadiria kuwa idadi hiyo ilikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa. Vita vilivyozaliwa na njaa ndogo vilizimwa kwa njaa kubwa.

Je, damu hiyo ilimwagika bure? Gavana aliyefuata, von Rechenberg, aliachana na pamba ya kushurutishwa ya vijiji na akauelekeza utawala katika kumhimiza mkulima alime mazao ya biashara kwa faida yake mwenyewe. Ukoloni haukukoma, wala haki haikutendeka. Lakini serikali ilikuwa imekiri kwa vitendo, ingawa si kwa maneno, kwamba malalamiko yalikuwa ya kweli.

Kinjeketile kama Tamthilia ya Njaa

Tukirejea katika tamthilia, tunaona kwamba Ebrahim Hussein aliufahamu mpangilio huu vyema. Yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, asichukuliwe kuwa nakala ya Kinjikitile wa historia. Pamoja na hayo, mfuatano wa matukio ni wa kupigiwa mfano. Tamthilia haifunguki kwa maji. Inafunguka kwa mazungumzo ya wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Kinjeketile, katika mazingira ya uhaba wa chakula na ya wanaume wanaotumikishwa katika shamba la Bwana Kinoo. Kabla ya mganga kuingia majini, hadhira imekwisha kuonyeshwa njaa, kiboko na fedheha. Imeonyeshwa pia jinsi watu wa makabila mbalimbali wanavyoshukiana hata wanapokuwa na adui mmoja.

Kwa sababu hiyo, maji yanapokuja, mhakiki makini hapaswi kuuliza tu iwapo yana nguvu. Anapaswa kuuliza yanajibu hitaji gani. Dhamira ya umoja, inayotajwa na wanafunzi wengi, haiwezi kutenganishwa na dhamira ya dhuluma ya kiuchumi. Umoja ni nguvu, lakini wanaounganishwa ni watu wenye njaa.

Mgogoro wa Kinjeketile mwenyewe unakuwa mzito zaidi ukisomwa hivi. Anapogundua kwamba maneno ya Hongo yanawaahidi watu kuwa wana wa Seyyid Said, anaona kwamba huenda uhuru unaotafutwa ni kubadilishana bwana mmoja kwa mwingine. Msomaji anayekumbuka kwamba Seyyid Said alikuwa Sultani wa Zanzibar, na kwamba maakida wengi walitoka pwani, ataelewa kwa nini kauli hiyo inamtikisa. Na mwishoni anapokataa kuukana uwezo wa maji, anatetea kitu kilicho kikubwa kuliko dawa: haki ya vizazi vijavyo kukumbuka kwamba watu walisimama.

Swali la Kiswahili

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulikabili kwa uaminifu. Wajerumani waliteua Kiswahili kuwa lugha ya utawala wa chini. Akida aliwaamrisha watu kwa Kiswahili, na shule za serikali zilifundisha makarani kwa Kiswahili. Msamiati wa lugha yetu unabeba alama za kipindi hicho: neno shule limetokana na Kijerumani, na neno hela limetokana na sarafu ya heller iliyotolewa na Wajerumani kuanzia mwaka wa 1904. Kwa mkulima wa Umatumbi, Kiswahili kilikuwa, pamoja na mengine, lugha ya mtoza kodi.

Lakini lugha hiyohiyo ndiyo iliyovipa vita jina. Wamatumbi, Wangindo, Wambunga na Wangoni kila mmoja ana neno lake la maji, ila neno lililovuka mipaka na kubaki katika historia ni la Kiswahili. Chombo kilichowapanga watu katika daftari la kodi kikawa pia chombo cha kuwaita pamoja. Ni kwa Kiswahili vilevile kwamba Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, akivitazama vita kwa jicho la mtu wa mji wa pwani. Anayeulinganisha utenzi huo na tamthilia ya Hussein ataona kwamba lugha moja inaweza kubeba mitazamo miwili juu ya tukio moja. Lugha haina upande hadi msemaji wake auchague.

Kwa msomaji wa Kenya, mambo haya si ya ng'ambo ya mpaka tu. Miaka minane baadaye, mwaka wa 1913, Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama dhidi ya Waingereza kwa sababu za namna hiyohiyo: kodi, vibarua wa kushurutishwa na vijana waliodaiwa na serikali. Huko nako watu waliunganishwa kwa kiapo. Mtu anayesema Wagiriama walipigana kwa sababu ya kiapo hufanya kosa lilelile la anayesema Wamatumbi walipigana kwa sababu ya maji.

Hitimisho

Imebainika kwamba vita vya Maji Maji vilijengwa juu ya msingi wa malalamiko yaliyofungamana: kodi iliyodai fedha ambazo watu hawakuwa nazo, pamba iliyokula siku za chakula, maakida waliotawala kwa kiboko, misitu iliyofungwa, na utu uliovunjwa mbele ya familia. Imebainika pia kwamba imani ya maji haikuleta malalamiko hayo, bali iliyakusanya. Ni wajibu wa mwanafunzi wa fasihi kuyasoma yote mawili kwa pamoja, kwani anayeyaona maji tu huwafanya wapiganaji kuwa wajinga, na anayeiona pamba tu huwanyima matumaini yaliyowasimamisha. Waliokufa Mahenge na Songea walikuwa wakulima waliojua hesabu ya ghala lao. Heshima ya kwanza tunayoweza kuwapa ni kuisoma hesabu hiyo kabla ya kuicheka dawa yao.

Maswali ya Kujadiliwa

1. Linganisha jinsi njaa inavyosawiriwa mwanzoni mwa tamthilia ya Kinjeketile na hali halisi ya wakulima wa pamba kabla ya mwaka wa 1905.

2. "Akida na jumbe walikuwa wahasiriwa wa ukoloni kama wengine." Jadili kauli hii.

3. Je, nafasi ya Kiswahili katika vita vya Maji Maji ilikuwa ya kuwatenganisha watu au ya kuwaunganisha? Toa hoja za pande zote mbili.